Anwani ya Marehemu Abdulkadiri

Abdulkadiri Khalidi alishitakiwa akiwa na miaka kumi na mitatu kaburini.

Shitaka lilikuja kwa barua pepe, Jumanne moja asubuhi, wakati binti yake Fathiya amesimama nyuma ya kaunta ya duka lao pale Ngara mjini akipepeta kahawa iliyotoka kukaangwa. Simu ilitoa mlio. Alijifuta vidole kwenye kanga, akasoma mstari wa kwanza, akaweka ungo chini. "Kwa Bwana Abdulkadiri Khalidi, Mlalamikiwa." Alisoma mara mbili, kisha akageuka kutazama nyuma yake, kama mtu anayetaka kujua iwapo aliyeitwa amesikia.

Nyuma yake palikuwa na kiti cha baba yake tu, kimeegemezwa ukutani, na kofia juu yake.

Barua ilikuwa ndefu, lakini habari yake ilikuwa fupi. Kampuni moja ya Dar es Salaam inauza kahawa ya makopo iitwayo Mrimani. Jina hilo imelisajili kuwa alama yake ya biashara tangu mwaka 2019. Sasa imegundua kwamba mtu wa Ngara ameshika jina hilo hilo kwenye mtandao, kiasi kwamba mteja akiandika Mrimani na nukta na herufi za nchi anaangukia kwenye duka la huyo mtu. Kampuni inadai mtu huyo hana haki na jina, alilichukua kwa nia mbaya, na inaomba anyang'anywe, ipewe yenyewe. Bwana Abdulkadiri alipewa siku ishirini na moja kujibu. Asipojibu, msuluhishi ataamua kwa maneno ya upande mmoja.

Fathiya alikuwa na umri wa miaka arobaini na mitatu. Aliolewa Kahama, akaachika Kahama, akarudi Ngara na sanduku moja, na tangu siku hiyo hakuwa na jambo lililo lake hasa isipokuwa kahawa. Duka lilikuwa la baba, na kabla ya hapo la babu. Huyo babu, Khalidi, alipanda kilima cha Ngara akitokea Pangani na mizigo ya chumvi na vitambaa, akafungua kibanda, akaoa, akabaki. Alikuwa na mazoea ya kuanza kila neno kwa "Mrimani kwetu," yaani kule pwani. Mrimani kwetu hatuli hivi. Mrimani kwetu mvua haina kelele kama hii. Wahangaza, wenyeji wa pale, walimcheka, wakamwita Mrimani, na yeye, badala ya kununa, akatafuta rangi nyeupe akaliandika jina hilo juu ya mlango. Aliukumbuka mwambao mpaka akafa, wala hakuurudia. Jina ndilo lililobaki la safari yake nzima.

Ni Fathiya aliyelitia jina hilo mtandaoni. Alikuwa ameanza kununua kahawa kwa kikundi cha wanawake wa Nyakisasa, akiikaanga mwenyewe kwenye jungu, akitia iliki na tangawizi kidogo kama alivyofundishwa na bibi yake, na kuifunga kwenye mifuko ya karatasi. Mgeni mmoja aliyepita kuelekea mpakani alimwambia, "Dada, weka tovuti, watu wakutafute wao." Akaenda kwa Magdalena, mwenye duka la vifaa vya ofisi karibu na stendi, wakakaa mbele ya kompyuta, Magdalena akauliza, "Jina la mwenye?" Fathiya hakufikiri hata kidogo. Akajibu, "Abdulkadiri Khalidi."

Hakukuwa na ujanja wowote. Kibao cha duka kilikuwa na jina la baba, leseni ilikuwa na jina la baba, mita ya umeme ilikuwa na jina la baba. Katika nyumba kama zile, mwenye mali akifa jina lake haliondoki mpaka mirathi ifunguliwe, na mirathi haifunguliwi maadamu mjane wake anaishi ndani, maana kufungua ni kugawa, na kugawa ni kumtoa. Basi watu hunyamaza. Mwaka unapita, na mwingine. Kila Julai Fathiya alichukua fomu ya leseni nyumbani, akaweka saini ya baba yake, ile herufi A yenye mkia unaorudi nyuma na kulipigia mstari jina zima, akairudisha. Wala hakuona kama anamdanganya mtu. Alijiona kama anafagia chumba cha mtu aliyesafiri. Na binti ataliandikaje jina lake juu ya la baba yake, kana kwamba anamsukuma kitini?

*

Hakutaka kupeleka jambo lile kwa wakili wa Ngara. Ngara ukikohoa ofisini, sokoni wanakupa pole. Alikwenda Biharamulo kwa Elick, aliyesoma naye sekondari, ambaye sasa alikuwa na ofisi ya chumba kimoja karibu na soko, na mezani pake hapakukosa kikombe cha karanga.

Elick alisoma barua huku akitafuna. "Fathiya, mimi nimetetea mipaka ya migomba, nimetetea ng'ombe walioingia kwenye mihogo. Hii sasa ndiyo ya kisomi." Akajifuta mikono. "Sikiliza. Mlalamikaji ana vigingi vitatu, na lazima avipigilie vyote. Kwanza, jina lenu lifanane na alama yake. Hicho kimeingia, hatubishani. Pili, mwenye jina asiwe na haki wala sababu ya kulishika. Hapo mna nini?"

"Tuna picha ya babu mlangoni. Jina linasomeka. Tuna leseni ya mwaka sitini na mbili."

"Safi! Cha tatu, awe amelichukua kwa nia mbaya, kuwavizia. Ninyi mliliandikisha lini?"

"Elfu mbili na kumi na nne."

"Na wao alama yao ni kumi na tisa." Elick alicheka mpaka kiti kikalia. "Utamviziaje mtu ambaye hajazaliwa? Hapa tunawarudisha Dar es Salaam kwa miguu. Mzee aje tu asaini jibu."

Fathiya alitazama kikombe cha karanga. Elick akamwangalia. Kicheko kikamtoka usoni polepole.

"Mzee alifariki lini kweli? Mimi nilikuwa chuoni."

"Elfu mbili na kumi na moja."

"Na jina liliandikishwa..."

"Kumi na nne."

Elick alisukuma kikombe cha karanga pembeni. Aliitazama barua ile kama imebadilika mikononi mwake. "Kwa hiyo mteja wangu alitoka kaburini, akaenda kwa Magdalena, akasajili tovuti, akarudi."

"Usinicheke, Elick."

"Sicheki. Wao ndio watakaocheka. Wakijua hili, kigingi cha tatu umewapigilia mwenyewe. Mtu mwenye haki anajificha nyuma ya marehemu kwa nini?"

"Basi nijibu kwa jina langu."

"Wewe si mlalamikiwa. Jina lako halimo popote."

"Nijibu kwa jina lake, kama ninavyofanya kwenye leseni."

"Hiyo ni kughushi, na hilo neno la leseni sijalisikia."

Fathiya alivuta pumzi. "Na nikitaka tu kuwapa? Wachukue, yaishe?"

"Hata kutoa kunataka saini ya mwenye jina." Elick alisema kwa upole sasa. "Ndiyo ubaya wake. Huwezi kulipigania na huwezi kulitupa. Aliyekuwa na uwezo wa kufanya lolote kati ya hayo hayupo."

Palikuwa na njia moja, na Fathiya alikuwa akiijua kabla Elick hajafumbua mdomo. Kikao cha ukoo kikae, muhtasari uandikwe, warithi wote wasaini, Mahakama ya Mwanzo imteue msimamizi wa mirathi. Msimamizi ndiye mdomo wa marehemu. Warithi wote maana yake ni mama yake, Bi Pili. Na maana yake ni Hasani, mtoto wa baba yake kwa mke wa pili, kule Bisibo, ambaye hawajaonana uso kwa uso tangu matanga.

*

Bi Pili alikuwa kwenye mkeka chumba cha nyuma ya duka, walikoishi, akichambua kahawa, punje mbovu kushoto, nzima kulia. Macho yake yalikuwa yamefifia sana lakini vidole havikuhitaji macho.

"Mama, Elick anasema tufungue mirathi."

Vidole havikusimama. "Huyo Elick ana mama?"

"Anaye."

"Anakaa wapi?"

"Kwa mumewe."

"Basi." Punje moja ikaenda kushoto. "Mwambie akamwanzie wake."

"Ni kwa ajili ya lile jina, mama. Watalichukua."

"Baba yako hajaniacha, Fathiya. Kafa tu. Siku mtakapogawa mimi nitaambiwa nina thumni, sehemu moja ya nane, tena thumni yenyewe nusu, kwa kuwa tulikuwa wake wawili. Nusu ya thumni ya nyumba hii ni nini? Ni kizingiti. Unataka nilale kizingitini, watu wanivuke wakiingia?"

Fathiya alisema, "Hapana, mama." Akakaa mkekani kumsaidia kuchambua. Hakuuliza tena.

Wiki ile duka lilimwelemea. Hapo awali hakuwa ameona jinsi baba yake alivyojaa kila mahali. Alikuwa kwenye bahasha, kwenye stakabadhi, kwenye kibao, kwenye midomo ya wateja waliosema "naenda kwa Abdulkadiri" na hawakupata kumwona. Yeye mwenyewe hakuwa na hata msumari ukutani wa kutundikia jina lake. Alipita kati ya vitu vya marehemu kama maji yanavyopita kati ya mawe, akivishikilia, akivisafisha, asibaki popote.

Alhamisi Esperansia alileta magunia kutoka Nyakisasa. Yeye ndiye mwenyekiti wa kile kikundi cha wanawake, mwanamke mrefu wa maneno makali na moyo laini. Oda za hoteli za Mwanza na Arusha zote zilikuja kupitia ile tovuti, na anwani yake ilikuwa imechapwa kwenye kila mfuko. Fathiya ikabidi amweleze.

Esperansia alisikiliza mpaka mwisho, akaweka mkono kiunoni. "Sisi Wahangaza mtu akifa tunamlilia, tunamzika, tunagawana migomba. Nyie watu wa pwani mnamwajiri!"

Fathiya alicheka bila kupenda, mpaka machozi yakamtoka, na machozi yalipotoka hayakutaka kurudi.

"Nyamaza, dada. Nimetania. Lakini useme kweli, hilo jina likienda, hao wa hoteli watatupata wapi?"

"Hawatatupata. Watawapata wao."

"Na kahawa yetu?"

"Itarudi kwa walanguzi wa barabarani, kama zamani."

Esperansia aliangalia magunia yake. "Basi pigana," alisema. "Hata kama unapigana umefungwa mikono, piga kichwa."

*

Siku ya kumi na tatu simu ililia. Ilikuwa sauti ya kijana mstaarabu, akajitambulisha kuwa ni Juvenali, wa ofisi ya mawakili wa kampuni.

"Naomba kuongea na Mzee Abdulkadiri."

"Hayupo," Fathiya alisema. Neno lilitoka lenyewe, maana ndilo alilowajibu watu miaka yote.

"Atapatikana saa ngapi, mama?"

"Ametoka."

"Yuko safarini?"

"Ndiyo."

"Ya mbali?"

Fathiya alitazama kofia iliyokuwa juu ya kiti. "Ya mbali."

"Haina shida. Akirudi mwambie wateja wangu hawapendi kesi na mtu mzima. Nimetuma fomu ya kuhamisha jina. Akisaini, atapata kifuta jasho kizuri tu, na kila mtu ashike njia yake. Mpe salamu zangu."

"Zitafika," alisema Fathiya.

Alikwenda kwa Magdalena akachapa ile fomu. Aliitandaza kaunta, akachukua kalamu. Duka lilikuwa tupu, jua la alasiri limeingia hadi kwenye magunia. Saini ile aliijua kuliko yake. A yenye mkia. Angeiweka mara moja tu zaidi na kila kitu kingekwisha. Mirathi ingebaki imefungwa, mama angebaki chumbani mwake, na jina lingekwenda zake Dar es Salaam kukaa kwenye makopo.

Kalamu iligusa karatasi, ikaacha nukta ya wino. Hapo mkono ukagoma. Julai zote alizosaini leseni, alikuwa akimfanya baba yake abaki. Leo angemfanya aseme kwa mkono wake kwamba jina la Mrimani si la Khalidi, baba yake mzazi. Mtu aliye hai anaweza kulazimishwa kusema hivyo. Marehemu hana hata pa kuinamishia uso.

Aliikunja fomu. Siku ya ishirini alirudi kwa Magdalena, akamwambia, "Andika kwa jina langu."

"Si ulisema Elick amekataa?"

"Hajakataa. Ameogopa. Andika: Mimi Fathiya binti Abdulkadiri, ndiye niliyesajili. Baba yangu alikuwa amekwisha kufa. Niliandika jina lake kwa sababu duka ni lake."

Magdalena alisimamisha vidole. "Hilo la mwisho watalielewa?"

"Andika tu."

Waliambatisha cheti cha kifo, picha ya babu mlangoni na jina jeupe juu ya kichwa chake, leseni ya mwaka sitini na mbili iliyoliwa na mende pembeni, na karatasi ya wanawake wa Nyakisasa yenye safu ya alama za dole gumba za wino wa zambarau. Vilipokwenda, Fathiya alijisikia mwepesi kwa mara ya kwanza tangu ile Jumanne. Wepesi huo haukudumu. Elick alipopata nakala alipiga simu akasema neno moja tu, "Umekiri," kisha akakata.

*

Uamuzi ulikuja baada ya mwezi na nusu. Fathiya alimpigia Elick wausome pamoja, yeye Ngara na Elick Biharamulo.

Msuluhishi alikuwa amesema kwamba jina la Mrimani limetumiwa na familia hiyo mahali hapo kwa zaidi ya miaka sitini, kabla alama ya mlalamikaji haijakuwepo. Kwamba kuandika jina la marehemu ni kosa, lakini kosa si lazima liwe hila, na aliyelifanya amelisema mwenyewe bila kuulizwa. Kwamba mlalamikaji ameshindwa kuthibitisha nia mbaya. Ombi la kuhamisha jina limekataliwa.

"Tumeshinda!" Elick alipiga ukelele, na Fathiya akasikia karanga zikimwagika. "Fathiya, umewapiga kwa kichwa!"

"Subiri. Kuna ukurasa mwingine."

Ukurasa wa mwisho ulikuwa na mistari minne. Kwa kuwa mtu aliyekufa hawezi kumiliki jina la tovuti, taarifa za mwenye jina zirekebishwe ndani ya siku thelathini na msimamizi halali wa mirathi. Isipofanyika hivyo, usajili utafutwa, na jina litakuwa wazi kwa mwombaji yeyote.

Elick aliisoma mistari ile kwa sauti, polepole.

"Si ndiyo kule kule?" Fathiya aliuliza. "Nimezunguka nyumba nzima nimerudi kwenye mlango ule ule."

*

Fathiya alifika Bisibo mchana, kwa pikipiki kutoka Biharamulo mjini. Njia nzima alikuwa amejipangia maneno ya kumjibu Hasani, maana alimjengea Hasani ukali wa miaka kumi na mitatu. Alimkuta uani, amekaa kwenye kigoda, anapukuchua mahindi. Alikuwa amezeeka. Alikuwa na pua ya baba yao, na Fathiya akasahau maneno yote.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba." Hasani alimtazama juu hadi chini. "Nani kafa?"

"Hakuna."

"Sasa umekuja kufanya nini? Watu wa Ngara huku huja na sanda." Lakini alikwisha inuka kumtafutia kigoda, na akamwita mkewe Frida alete uji.

Fathiya alimweleza yote, hata leseni, hata ile nukta ya wino. Hasani alikuwa akitikisa kichwa, kisha mabega yakaanza kutikisika, kisha akacheka waziwazi.

"Kumbe na huko yupo! Unajua hata hapa yupo? Kwenye daftari la kijiji shamba hili ni la Abdulkadiri Khalidi. Michango analipa yeye. Mwaka jana walitaka kumweka kwenye kamati ya maji, wakasema ni mzee mtaratibu, hajawahi kugombana na mtu mkutanoni."

Walicheka wote wawili. Kisha Hasani akaacha.

"Lakini mimi sicheki kila siku. Nina vijana wanne, Fathiya. Hakuna anayethubutu kuweka tofali hapa, maana hawajui kesho mtatoka Ngara mseme nini. Mama yangu alikufa akiuliza. Alikuwa Marsiana, akasilimu akawa Yasmini kwa ajili ya mzee, na akafa hajui kama kitanda alicholalia ni chake. Mimi nilidhani ninyi ndio mnaozuia."

"Sisi tulidhani ukianza hutaacha kitu."

"Sitaacha," Hasani alisema, bila hasira. "Nitakusainia leo hii, uwe msimamizi wewe, sina neno. Ila mirathi haifunguliwi dirisha moja. Ukifungua ni nyumba nzima. Shamba ligawiwe na nyumba ya Ngara igawiwe. Kama hamwezi kunilipa sehemu yangu, iuzwe. Ni haki au si haki?"

Fathiya alitafuta uongo wa kumjibu, akaukosa. "Ni haki," alisema.

Hasani alisaini muhtasari juu ya goti lake, na vumbi la mahindi likabaki kwenye karatasi. Palibaki nafasi moja tupu, imeandikwa kwa kalamu ya Elick: Mjane.

*

Alirudi na karatasi ile akaitia kwenye droo ya kaunta, chini ya vizibo vya chupa na kamba. Kila asubuhi alisema leo. Asubuhi hiyo hiyo mama yake angetoka chumbani akipapasa ukuta, mkono ukijua kila mahali, hapa msumari, hapa ufa, hapa swichi, akafika kwenye kiti cha mumewe, akakifuta vumbi kwa upindo wa kanga, akaendelea hadi jikoni. Hakujikwaa hata mara moja. Katika nyumba nyingine yoyote duniani angekuwa kipofu.

Fathiya aliyatazama hayo, akaifunga droo.

Elick alipiga simu, akapiga tena. "Siku kumi zimebaki, na mahakama nayo inataka muda wa tangazo." Baadaye, "Fathiya, tano." Baadaye hakupiga. Esperansia alileta magunia, akauliza kwa macho, akajibiwa kwa macho, akaenda zake bila kutania. Siku ya thelathini ilipita kama siku nyingine yoyote. Mvua ilinyesha jioni, ikakatika.

Baada ya siku chache Fathiya aliandika jina la babu yake kwenye simu, na nukta, na herufi za nchi. Kopo jekundu likafunguka, linang'aa, na juu yake neno Mrimani kwa maandishi ya dhahabu. Picha ilikuwa ya ufukwe na minazi. Pangani ile ile pengine. Babu angeipenda.

Alichukua kalamu nene nyeusi, akaenda chumba cha nyuma na rundo la mifuko, akaketi mkekani kando ya mama yake na kuanza kufuta ile anwani, mfuko mmoja mmoja. Duka bado lilikuwa na jina lake mlangoni. Elick alikwisha mwonya kwamba la mlangoni na la kwenye mifuko wakilitaka watalifungulia kesi nyingine.

Bi Pili alinusa. "Wino wa nini?"

"Nafuta anwani, mama. Jina la mtandaoni limekwenda."

"Si ulisema mlishinda?"

"Tulishinda. Ilitakiwa mirathi ifunguliwe ndani ya mwezi. Hasani alisaini. Ilibaki ya kwako."

Vidole vya Bi Pili vilisimama juu ya kahawa. Fathiya hakuwa amewahi kuviona vikisimama.

"Karatasi iko wapi?"

"Droo ya dukani."

"Tangu lini?"

"Mwezi."

Mama aliisukuma kahawa pembeni. Nje pikipiki ilipanda kilima ikilalamika, ikatulia juu. "Uliniuliza mara moja tu, Fathiya," alisema hatimaye. "Mara moja! Mimi mke wa mtu, nimefiwa, unaniambia nitoke nyumbani, unataka nikubali hapo hapo kama niliyekuwa nangoja mlango? Hata posa inarudiwa. Hata chakula mgeni hukataa kwanza. Ungeuliza tena."

Kalamu ya Fathiya ilikuwa imesimama juu ya mfuko, na wino ukitanuka kwenye karatasi, doa jeusi likila herufi moja, kisha ya pili.

"Wewe ni mwanangu," mama alisema. "Ulijua."

Labda alijua. Mwezi mzima alikuwa ameifunga droo ile akijiambia anamhurumia mama yake.

Bi Pili alinyosha mkono hewani, kiganja wazi. "Nipe na mimi kalamu. Nielekeze ilipoandikwa."

Fathiya alimpa, akaushika ule mkono mkavu, akauweka mwanzoni mwa mstari. Mama akapiga wino kwenda kulia, taratibu, mpaka alipofika mwisho wa jina.

"Lete mwingine," alisema.